Ami, Mkeo Yuko Eda, Hajaacha Kazi

Ami Kombo,

Assalaamu alaykum. Hali sikuulizi. Nakuombea kila nikimaliza kuswali, na usicheke, naswali siku hizi, hata alfajiri. Hii barua naiandika kwa mkono huu huu ambao wewe ulikuwa ukisema mwandiko wake ni kama kuku kapita na tope miguuni. Skuli niliachia fomu tu, kidato cha pili, sawa, lakini wewe hukufika hata huko na ukawa mwenyekiti wa chama. Kwa hivyo tusidharauliane.

Wachukuzi wenzako bandarini Mkoani wazima. Boti ikifunga gati na mzigo ukiwa mzito, bado kuna anayeita "Kombo, shika huku", kwa mazoea tu. Kisha wanakumbuka, kila mtu anainamia mzigo wake. Mie nikiwa hapo na pikipiki yangu nasubiri abiria, najifanya nafuta kioo.

Mkeo Bi Time namchukulia samaki kila asubuhi. Kwa vile mie ni mwana wa kaka yako tu, si maharimu wake, na yeye yumo edani, tunazungumza baina yetu pazia. Ananiuliza kama nimekula. Nikisema nimekula anajua naongopa, mkono unatoka na sahani. Nimenenepa, Ami. Nakwambia mapema usije ukasikia kwa wengine.

Sasa habari yenyewe.

Matanga hata hayajapoa, mikeka ya watu haijarudishwa, akaja kijana kutoka ile hoteli ya upande wa Wambaa anakopika Bi Time. Kaleta maneno: mkeo asipoonekana jikoni wiki inayofuata, Meneja atahesabu kaacha kazi mwenyewe. Bi Time, aliyepikia mafundi pale hoteli haijaezekwa. Huyu Meneja si mtu mbaya, mgeni tu wa mambo yetu. Aliposikia "eda" alidhani ni likizo ya kwenda kutembea. Alipoelezwa kwamba mwanamke anakaa ndani miezi minne na ushei kumlilia mumewe, akasema basi, kama ana malalamiko aje mwenyewe ofisini kwake ayaseme. Yaani atoke ndani ili apate haki ya kukaa ndani. Ukiwa na akili kama zangu unaona pale pale kuna tatizo.

Tukaita mkutano wa chama chako. Ndiyo, kile kile nilichokicheka. Wachukuzi, wanawake wa mwani wa Makoongwe, wapishi na watandikaji vitanda wa hoteli, na sisi bodaboda uliotukokota kama mbuzi. Nilikwambia mbele za watu kwamba hukuunda chama, umepika urojo, kila kitu ndani ya bakuli moja. Ukaniuliza, "Kwani urojo huli?" Watu wananicheka mpaka leo. Na siku nyengine nilipojigamba kwamba mie sina haja ya chama, sina bosi, najiendesha mwenyewe, ukaniuliza pikipiki ya nani. Nikasema ya mtu, nampelekea hesabu kila jioni. Ukasema, "Basi bosi unaye. Ila yeye analala, wewe ndiye unayekwenda mbio." Maneno hayo yaliniuma siku nzima, sikukwambia. Uanachama nikauchukua kwa hasira.

Mkutanoni mambo hayakuanza vizuri. Makame, yule rafiki yangu wa bodaboda mwenye kofia ya rangi ya embe, alisimama akasema hoteli ni ya watu wa hoteli, sisi inatuhusu nini. Na watu walimwitikia kwa vichwa, Ami. Wachukuzi wengine pia, waliokubeba wewe begani. Nikaona chama kinakufuata kaburini.

Aliyeinuka ni Bi Maryam wa mwani. Alikuwa kavuka kutoka Makoongwe na nguo zake za kazi, hajabadilisha. Alimkumbusha kila mtu kwamba mnunuzi alipoukataa mwani wao kwa sababu ulipigwa na mvua, Kombo na wachukuzi wake hawakugusa gunia la mnunuzi yule hata moja mpaka akaja kukaa na wanawake wazungumze. Mwani ulimhusu nini Kombo? Hata kuufunga kwenye kamba alikuwa hajui, na siku alipojaribu ulimponyoka wote. Watu wakacheka, maana ni kweli, ulikuponyoka. Kisha akamgeukia Makame, taratibu, kama anamuulizia watoto.

"Makame, wewe una mke. Ukifa kesho, yeye akae ndani akulie, au atoke akalinde kazi?"

Makame akavua ile kofia yake akaiangalia ndani, kama jibu limo humo. Kisha akakaa. Hapo ndipo walipokubali kumtetea Bi Time, wakatafuta mtu mwenye mdomo wa kuongoza, na macho yote yakanigeukia mie. Sijisifu, nakuhadithia tu.

Mgomo wangu wa kwanza niliupanga mwenyewe. Tukakubaliana tusibebe mgeni wala mzigo wa hoteli ile kuanzia saa sita mchana. Nikapita kituo kwa kituo, nimevaa miwani. Siku niliyochagua ilikuwa Ijumaa. Hakuna aliyejua kama tumegoma, walidhani tumekwenda kuswali. Na kweli, tulikuwa tumekwenda kuswali. Bi Maryam alipopata habari alikaa chini kwa kucheka, na najua na wewe hapo ulipo mbavu zinakuuma.

Jumamosi tukarudia. Boti ikafunga, wageni wa hoteli wakashuka. Wachukuzi wakayapokea mabegi kwa adabu, wakayapanga kivulini, wakakaa pembeni yake. Bodaboda zote tukazima injini, na wenye teksi wakatuunga mkono bila hata kuombwa. Mie nikawaeleza wageni kwa Kiingereza changu cha fomu tu kwamba mpishi wao kafiwa na mumewe na hoteli inataka kumfukuza. Sijui walielewa nini. Mzungu mmoja alinishika bega akanipa biskuti. Lakini wengine walipiga simu hotelini, na haukupita muda Meneja akaja mwenyewe gatini, shati limemlowa.

Akasema yuko tayari kuzungumza, Bi Time aletwe ofisini.

Nikamwambia, "Yeye hatoki, bosi. Wewe ndiye unayetoka."

Ami, sijui nilizitoa wapi nguvu zile. Na alikuja kweli. Baada ya alasiri alivua viatu barazani kwako, akakaa kwenye mkeka, magoti hajui ayapeleke wapi. Upande mmoja Bi Maryam na wanawake wa hoteli, upande mwengine wachukuzi na Makame na mie. Akawa anamtafuta mtu wa kuzungumza naye na mbele yake pana pazia tu.

Pazia likamsalimu. Kisha Bi Time akasema, sauti yake ndogo ile ile ya kila siku:

"Mtu akija nyumba yenye msiba hutoa pole kwanza. Lakini naona umekuja kwa kazi, basi tuanze na kazi."

Yule bwana aliinamisha kichwa. Alitoa pole, na alikutaja kwa jina, nilisikia mwenyewe. Bi Time akaipokea. Akamwambia hajaacha kazi, kafiwa na mumewe, na eda ikimalizika atarudi jikoni kwake, na huyo aliyewekwa sasa aambiwe asimbadilishie sufuria zake. Meneja akakubali mbele yetu sote. Nikataka kupiga makofi.

Lakini mkeo hakumaliza. Akasema hapo hotelini kuna wanawake wengi wenye waume, na anataka kujua leo hii watafanywaje siku wakifiwa na wao. Hilo hatukulipanga. Mie na mdomo wangu wote halikunipitia akilini. Meneja akajibu kwamba la Bi Time limekwisha, ila la wengine lazima amuulize tajiri mwenye hoteli.

"Muulize," akasema Bi Time. "Mimi nipo, sendi popote."

Watu walipoondoka mie nilibaki kukunja mkeka. Nikamsikia analia kule ndani. Si kwa sauti. Na mie siwezi kuingia, siwezi hata kusema kitu cha maana, Ami, mie ninayesema kutwa. Nilitaka kukuita. Nilifungua mdomo kabisa, nikakumbuka. Nikakaa pale barazani mpaka ilipoadhiniwa magharibi, ili ajue tu kwamba kuna mtu.

Tajiri hajajibu. Kapelekewa ujumbe, labda anadhani tutachoka. Hajui tumeongezeka. Makame, huyo huyo, kenda Chake Chake sokoni kuzungumza na mafundi cherehani, na wamesema watakuja watu wao kutusikiliza. Wavunja kokoto wameuliza kama na wao wana nafasi. Nimewaambia nafasi ipo.

Jumatatu tunakwenda mlangoni kwa tajiri. Mbele nitakuwa mie. Nakuahidi kwa haki ya udugu wako na baba yangu, haturudi mpaka aseme kwa kinywa chake kwamba kila mwanamke anayemfanyia kazi atakaa eda yake na kazi yake ataikuta. Na akikataa tutakwenda tena, na mlango wake tutaujua mpaka misumari.

Mungu akupanulie kaburi lako, Ami, akutilie nuru. Naondoka, watu wananisubiri.

Mwanao,
Mcha