Chupa ya Marsala Uliyoimwaga

Mayu, mama yangu,

Huko uliko waambie majirani kwamba mwanao ndiye mwenye bahati kuliko watu wote wa Bariadi. Nani mwingine hapa mjini amewapikia Waitaliano kambini, kule pembeni ya Serengeti, akazijua jibini zao kwa harufu kabla hajajua kuziandika, na bosi akampa chupa nzima ya Marsala kwa kuupenda mkono wake? Ni mimi tu, na darasa langu la sita.

Unaikumbuka ile chupa. Nilishuka nayo kwako Ngulyati nimeifunga kwenye sweta kama mtoto mchanga. Nikakaanga kuku wa nyumbani, wewe umekaa kwenye kigoda unanikagua. Nilipoimimina, ukanusa.

"Hii ni pombe."

"Ni divai, Mayu. Waitaliano wanaitia kwenye nyama. Ikichemka, pombe inaruka, unabaki utamu."

"Inarukia wapi?"

"Hewani."

"Basi fungua dirisha. Mchungaji anapita njia hii."

Ukala. Ukafuta sahani kwa ugali mpaka ikang'aa, ukasema, "Kuku huyu amesoma kukuzidi wewe." Kisha ukauliza chupa nimepewa na nani. Nikasema bosi. Ukanitazama kidogo, ukamalizia tonge lako la mwisho.

Asubuhi nikaikuta chupa imeoshwa, umeijaza mafuta ya pamba. Ukanieleza kwa upole kwamba pombe ya jana ni siki, hata bibi alikuwa akimwaga ya mtama ikifika siku ya pili. Nami nikakufokea. Nikasema Marsala inatiwa pombe kali makusudi ili ikae miezi hata ikishafunguliwa, kwamba wewe ni mshamba, hujui kitu. Nilisema hivyo dada akisikia. Nikaondoka bila kunywa uji. Pamba ya mwaka ule ilikuwa haijavunwa yote tulipokuzika.

Kesho nafungua hoteli yangu hapa mjini, Somanda. Meza nne. Bati linavuja upande mmoja na jiko moja limegoma. Nafungua hivyo hivyo. Marsala huku haipo, kwa hiyo nimenunua divai tamu ya Dodoma, nikaichemsha na sukari mpaka ikabaki nusu, na ilipopoa nikaiongezea pombe kali kidogo isichachuke. Siyo yenyewe, lakini ni binamu yake, ukoo unaonekana.

Ubaoni nimeandika kwa chaki: MCHUZI WA KUKU UNA DIVAI. Dada amesoma, akashika kiuno.

"Utafukuza walokole wote."

"Watakula maharage."

"Si unyamaze tu? Nani atajua?"

Sinyamazi. Hata wakija watu wawili, hata asije mtu, ubao unabaki pale. Kwenye sufuria yangu hakiingii kitu ambacho siwezi kumwambia mlaji kimetoka wapi. Sahani ya kwanza ni yako. Ataila dada kwa niaba yako, na ugali, na afute sahani kama wewe.

Unisamehe kwa ule mdomo wangu wa asubuhi ile. Pumzika, Mayu. Mimi naenda kuloweka maharage.

Na ile chupa sikupewa. Niliiiba stoo, wakanifukuza kwa ajili yake. Nadhani ulijua tangu ulipoimwaga.

Mwanao, kitinda mimba wako