Kofi la Nekesa Lililozidi

Mjukuu wangu Simiyu,

U mzima huko Mombasa? Hapa Matulo tuko salama. Mama yako amemaliza kuvuna mahindi, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike! Unauliza tulijuaje mtu akidanganya katika michezo ya kuhesabu, wakati nyimbo zake hazikuwa na nambari. Swali lako limenifurahisha mno!

Tulipokuwa wasichana kwenye shamba la mzungu karibu na Kitale, tuliketi kwa mstari, miguu tumenyoosha. Nekesa aliimba akiipiga makofi, mmoja baada ya mwingine. Mguu ulioangukiwa na kofi la mwisho ulikunjwa, kisha wimbo ukaanza tena. Aliyebaki na mguu nje alikwenda mtoni peke yake kutuchotea maji sisi sote.

Siku moja ilibaki miguu miwili, wa Nekesa na wa Wanjiru, mgeni asiyejua Kibukusu, lugha ya nyimbo zetu. Wimbo ukaishia kwa Nekesa, akakunja wake haraka.

Mimi nilikuwa mtu wa vitabu, naona haya hata kuitika jina darasani. Lakini nilisikia kofi moja likipita mapigo ya wimbo.

"Umezidisha kofi!" nikasema.

"Ati nini? Kumbe huyu bubu huongea!"

"Si uimbe tena, tupige makofi wote."

Tukapiga, hata Wanjiru, bila kujua neno lolote, na hakukosea! Kofi la mwisho likaangukia mguu wa Wanjiru. Nekesa akacheka, akabeba debe.

"Haya, bubu," akaniambia, "kesho utahesabu wewe."

Nikahesabu, Simiyu! Kwa sauti!

Akupendaye sana,
Kukhu Nafula