Roho ya Chue Iitwe Wapi

Jumatano, 7 Januari

Wakili kapiga simu. Ndiyo basi. Jumanne ijayo mume wangu Chue aripoti uhamiaji na begi moja, wamrudishe Laos. Wamrudishe! Mtu kazaliwa kambi ya wakimbizi Thailand, kaletwa hapa Minnesota akiwa bado ananyonya. Laos hajawahi hata kuiona. Yote kwa sababu ya lile gari waliloiba na wenzake akiwa na miaka kumi na tisa. Kifungo alishamaliza. Mimi hata sikuwa namjua.

Chue kakata simu, kauliza kama wali umeiva.

Ijumaa, 9 Januari

Kanifundisha kuwasha mashine ya joto ikizima. Tumekaa sakafuni kule chini ya nyumba, tochi mdomoni. Nikamwambia sitaki kujua, hiyo ni kazi yako. Akasema sawa, mwezi wa pili wewe na Sheng mtaganda kama samaki wa friji. Nikacheka. Halafu nikalia. Halafu nikaiwasha mwenyewe! Kanibusu shavuni, kwenye masizi. Nampenda huyu mwanamume jamani, nifanyeje.

Sheng kauliza kama baba atarudi kabla hajafikisha miaka minane. Chue kamwambia atampigia simu kila asubuhi kabla ya shule. Hakujibu alichoulizwa. Mtoto kaona.

Jumapili, 11 Januari

Nimepanga begi, mama mkwe kalipangua.

— Makoti mawili ya nini? Huko joto. Atakuwa anaoga nayo?

Katia shati jeusi la sherehe alilomshonea mwenyewe, lenye nakshi kifuani, ili Wahmong wenzetu wa huko wajue ni mtoto wa watu. Chue kasema, Mama, nikifungua mdomo tu watajua nimetoka wapi. Tukacheka wote, hata Mama. Kisha kaingia jikoni, kafungua bomba la maji kwa nguvu. Kulia kwake ndiko huko.

Koti moja nimelirudisha kwa siri. La kwake la kazini. Hapana, nimelitoa tena. Hilo nabaki nalo mimi.

Jumatatu, 12 Januari

Kwetu mtu haendi mbali hivi bila kuitiwa roho. Kuku, mayai, bakuli la wali, ubani. Mama mkwe kasimama mlango wa mbele, wazi kabisa, theluji nje, joto lote linakwenda barabarani. Chue kakaa kwenye kiti chake, mpole kama mtoto anayenyolewa. Mama kaanza vizuri: ewe roho ya Chue, usitangetange, njoo nyumbani, wali uko tayari, njoo nyumbani...

Akakwama.

Maneno ni hayo siku zote. Roho huitwa nyumbani. Lakini nyumbani wapi? Akiiita humu, mwanawe atakwenda mwili tu bila roho, na mtu wa hivyo huugua. Akiielekeza kule, basi kule ndiko kwao, na sisi tumemtoa. Kanigeukia.

— Mama Sheng, mwenye nyumba ni wewe. Niiite wapi?

Wote wakanitazama. Mimi huyo, mbio, chooni. Naandika nimekaa ukingoni mwa bafu.

Nataka ibaki. Nataka ibaki humu na mimi, kitandani, upande wake. Ndiyo, mimi mchoyo! Nimechoka kuwa mwema.

Mama anaita: Mama Sheng, baridi inaingia! Sheng anapiga chafya.

Sasa Chue yuko nje ya mlango huu. Hagongi. Anasema polepole, sema unavyotaka, mke wangu. Iache hapa. Mimi nitakuwa mzima tu.

Muongo! Sauti hiyo ndiyo anayomtulizia Sheng akipelekwa kuchomwa sindano. Anaogopa. Anaogopa sana, na bado ananiachia mimi.

Jibu ninalo. Silitaki, lakini ninalo.

Nanawa uso kwanza.