Samaki Mmoja wa Kilindi cha Mwiko

Padang, 3 Machi 1997

Mjomba wangu Zulbahri,

Asalaam alaykum. Mimi mzima, ila miguu imejaa mikwaruzo ya mikoko. Nyumbani hamjambo? Kifua cha Mama kimepona?

Tuko kwenye mafunzo ya uwandani. Wiki mbili hizi za pwani tunahesabu kaa kwenye matope, tunapima chumvi ya maji, jioni tunanuka sote kama dagaa walioachwa juani. Wiki ya tatu ni ya maji baridi. Mwalimu Hasril akauliza nani anajua mto ambao samaki wake hawajamalizwa. Nikanyoosha mkono kabla sijafikiri. Darasa zima watoto wa wakubwa, Mjomba, na mwenye kilindi cha mto ni mimi!

Tuombee kwa wazee tuje tuhesabu. Wewe ndiye mlinzi wa kilindi, neno lako halianguki.

Mpwa wako,
Desmawita

*

Koto Lansek, 15 Machi

Mpwa wangu,

Waalaykum salaam. Sisi wazima, mama yako anakohoa kidogo tu ili asisahauliwe.

Wazee wamenitoa jasho. Mzee Sawir kasema, "Samaki wahesabiwe kwa nini, wanaozwa?" Nikamwambia huyu ni wa kwanza nyumbani kwa mama yangu kufika chuo, nitamnyimaje? Basi wamekubali. Mtapima, mtarudisha majini. Hata kifaranga asitoke. Kilindi hufunguliwa mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, mayatima wakigawiwa kwanza, na anayechukua kabla ya siku hiyo tumbo humvimba. Hayo umeyajua tangu unanyonya. Dhamana nimesimama mimi.

Mwambie mwalimu wako samaki wa huku hawakusoma, asiwaulize maswali magumu.

Mjomba wako,
Zulbahri

*

Koto Lansek, 2 Juni

Mpwa wangu,

Salaam. U mzima? Mama yako mzima. Mimi siyo.

Tangu mwondoke na madaftari yenu tumbo langu linavimba. Mkanda haufungiki tena. Jana dukani watu walisogea mbali nilipoingia. Mke wa Sawir hakungoja hata nitoke: "Mlinzi kala alichopewa kulinda."

Nakuuliza, na usinijibu kichuo. Kuna mwenzenu aliyechukua samaki? Kama yupo, dawa yake unaijua. Asimame mwenyewe msikitini siku ya Ijumaa, aseme, atie vifaranga wawili majini, watu wacheke, yaishe. Wazee wanataka niape, na mimi nataka kujua naapa nini.

Mjomba wako,
Zulbahri

*

Padang, 11 Juni

Mjomba wangu,

Asalaam alaykum. Barua yako imenitia simanzi. Pole sana.

Hakuna aliyechukua. Hata mmoja. Tumbo halivimbi kwa mwiko, Mjomba, hilo ni ini. Nenda hospitali wiki hii hii, nakusihi, mambo ya wazee yasikuue.

Kuna habari njema: Mwalimu Hasril amependekeza nipelekwe Japani kusoma zaidi. Majibu Agosti. Niombee.

Mpwa wako,
Desmawita

*

Koto Lansek, 30 Juni

Mpwa wangu,

Salaam. Afya ni ya Mungu.

Nimeapa Ijumaa, mkono juu ya Msahafu, kwamba hakuna mtu wa nyumba yetu wala mgeni wetu aliyetoa samaki kilindini. Neno lako ndilo nililolitia kinywani mwangu. Watu wakasikiliza, wakalitazama tumbo langu, wakaondoka.

Hospitali wametoa maji, ndoo nzima. Ni ini, ulisema kweli. Lakini ulinzi amepewa Sawir, na mama yako haitwi tena kupika harusini. Anasema amechoka kupika. Hajachoka.

Japani vipi?

Mjomba wako,
Zulbahri

*

Padang, 24 Agosti

Mjomba wangu,

Asalaam alaykum. Sijui nikuulize hali kwa uso gani.

Japani nimepata. Barua iko hapa mezani, na tangu ifike sijala.

Nilichukua mimi. Mmoja, urefu wa kidole. Mwalimu alituambia hesabu bila samaki mkononi ni hadithi tu. Hakunituma, nilijituma. Nilimtia kwenye mfuko wa nailoni nikamficha ndani ya saruni, wewe ukiwa unatuchomea mihogo ukingoni. Yuko maabara kwenye chupa ya spiriti, na chini yake kuna jina langu kwa wino. Nilikuwa napita kila siku kulitazama, Mungu anisamehe. Ulipouliza, nikaiogopea Japani kuliko nilivyokuogopea wewe.

Wasomee barua hii Ijumaa, jina lako lisafike. Au niite nije nisimame mwenyewe.

Mpwa wako anayekulilia,
Desmawita

*

Koto Lansek, 6 Septemba

Desmawita,

Barua nimeipata.

Unasema jina langu lisafike. Kabla ya barua yako nilikuwa mkweli anayeonewa, na nilikuwa nalala. Sasa najua niliapa uongo juu ya Msahafu. Hiyo ndiyo zawadi uliyoniletea, na daktari anasema mwaka huu siumalizi. Ungesema Juni tungecheka.

Ijumaa walinibeba hadi msikitini. Barua yako sikuisoma. Nilisema nilimchukua mimi, nikamla. Hakuna aliyeshangaa. Sawir akanishika bega, akasema, "Ungesema mapema, ndugu yangu." Fitina zake zote hazikuniuma kama huruma ile.

Usidhani nimekuhurumia. Kwetu nyumba hupita kwa wanawake, na mama yako hana binti mwingine. Nyumba ya mama yangu itakuwa yako na ya wanao, na haiwezi kushikwa na mtu aliyeiba samaki wa mayatima. Mimi mwanamume, jina langu naondoka nalo. Nimelitoa kwa ajili ya mama yangu.

Barua yako nimeichoma jikoni, mama yako akiwa kisimani. Hajui, na usimwambie.

Nenda Japani. Wala usije kusimama msikitini, maana utakuwa umenifanya mwongo mara ya tatu. Na utakaposikia nimekufa, usije mazikoni. Utalia kupita kiasi, na watu wa hapa wana akili, watajua.

Zulbahri