Eneo Jeupe Katika Ramani ya Chihangani

Muheza, 3 Machi 2024

Mpwa wangu Rukaiya,

Marahaba, kwa ile shikamoo uliyonipa kwenye simu kabla haijakatika. Huku hatujambo. Goti la kushoto ndilo pekee lenye malalamiko, nalo limezoea kutosikilizwa. Mama yako hajambo? Kifua chake na ukungu wa huko vimepatana mwaka huu? Na mwanao Zena, shule inakwendaje?

Leo ni miaka hamsini na miezi minne tangu nitoke Newala. Nimehesabu kwa kalenda, si kwa kukisia. Ukitoa siku nne za msiba wa mama yetu na tatu za harusi yako, muda wote huo nimeukalia huku Tanga. Kwa hiyo uliponiambia mji unaandika mpango wa miaka ishirini ijayo, na kwamba wakazi wanaitwa kuulizwa, nilikaa kitako nikaliwaza neno hilo moja: kuulizwa.

Sisi mwaka 1973 hatukuulizwa. Lori lilisimama penye mikorosho ya mama asubuhi, mkubwa mmoja akashuka na karatasi, na kufika adhuhuri paa letu lilikuwa chini. Tukapangwa kwenye kijiji kipya kama madawati, nyumba kwa nyumba, mbali na shamba. Sisemi nia ilikuwa mbaya. Nilikuwa nimetoka shule ya Chidya, nimesoma, niliamini shule na zahanati vitakuja, na kweli vilikuja. Nasema tu kwamba hakuna aliyetuuliza hata mlango uelekee wapi. Nilivumilia wiki mbili, kisha nikapanda gari la wakata mkonge. Mama yako alikuwa na miaka kumi na minne. Alilikimbilia gari mpaka likamshinda.

Sasa nieleze kwa urefu. Wanauliza nini? Wanawauliza wanaume peke yao, au na nyinyi? Nani anashika kalamu? Andika, maana simu hukatika kabla salamu hazijaisha. Barua mpe kondakta wa basi la Dar. Mwanangu Abdulrazaki ataipokea huko na kunisogezea.

Ni mimi mjomba wako,
Fikirini

*

Newala, 29 Machi 2024

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima, tunaendelea na mfungo. Mama anafunga ingawa tumemkataza. Anasema kifua ni chake na Ramadhani ni ya Mungu, sisi tunaingilia wapi. Zena yuko kidato cha pili na anakusalimu. Goti hilo lipake mafuta ya mbarika, usilichekee.

Kalamu naishika mimi. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Nurdini, alisema mwandiko wangu unasomeka, na wake hata mwenyewe haumpi ushirikiano. Na tunaulizwa sote, wanawake kwa wanaume.

Afisa mipango miji aliyekuja Chihangani ni dada mmoja anaitwa Swaumu, mpole, ana viatu vya kutembelea kweli. Alileta karatasi kubwa iliyochapishwa Masasi, akaitandika ukutani shuleni. Wazee wakaiangalia. "Nzuri sana." "Imependeza." Wakarudi kukaa. Akaikunja, akatuuliza kama nyumbani kuna majivu.

Mjomba, ungekuwepo! Wanawake walileta majivu kwa ndoo, na mtaa mzima tukauchora uwanjani, wenyewe, kwa mikono. Barabara kwa majivu, nyumba kwa majani, mabomba ya maji kwa maganda ya korosho. Mama alichora kisima cha zamani. Mzee Nurdini akamwambia, "Bimdogo, kisima chako umekipeleka Msumbiji." Mama akamjibu, "Wewe ulikuwa unachotewa maji, utajua kiliko?" Mzee akaenda kuokota maganda ya korosho.

Tuliomba mambo matatu: mtaro wa maji ya mvua, eneo la kuzikia, na soko. Kukosa soko ndiko kulikotuumiza zaidi. Unajua tunauzia ukingoni mwa barabara kuu, muhogo, kunde, ming'oko ya kuchimba porini, migongo yetu kwenye magari. Agosti iliyopita bodaboda iliingia kwenye meza ya Mwanaheri ikamvunja mguu. Mpaka leo anatembelea fimbo.

Basi soko limepangiwa juu ya korongo, mwisho wa barabara ya shule. Swaumu aliuliza kama kuna mwenye neno. Mikono yote ikanyooshwa kukubali. Nami nikaandika.

Mpwa wako,
Rukaiya

*

Muheza, 14 Aprili 2024

Mpwa wangu,

Marahaba, na Idi njema iliyopita. Mafuta ya mbarika nimeyapaka. Goti linanuka, lakini linapanda ngazi. Mpe mama yako pole ya mfungo, na umwambie kisima alikiweka sawa. Mimi nilichota pale.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara mbili kwa furaha ya majivu, ya tatu kwa sababu ya neno moja, korongo. Nilipokuwa shule tuliliruka lile kwa mbio fupi. Mwaka wa harusi yako halikuwa la kurukwa tena, na mkorosho wa mwisho wa jirani zetu akina Pili ulikuwa umening'inia mizizi nje. Ule udongo mwekundu haushiki. Ukijenga mabanda pale, mvua tatu nzito tu na mtakwenda kuuza ming'oko bondeni Ruvuma.

Sasa jambo linalonitatiza si ramani. Watu wa Chihangani wanaujua udongo wao kuliko mpimaji yeyote. Na tangu lini mikono ikanyooshwa bila ubishi mahali alipo Nurdini? Nimemjua tangu tunachunga mbuzi. Atakubishia hata ukimwambia amka kumekucha.

Wewe ulipoandika, kalamu haikusita? Kuna jambo halikuandikwa. Niandikie hilo.

Mjomba wako,
Fikirini

*

Newala, 12 Mei 2024

Mjomba, shikamoo.

Afya zetu nzuri. Mvua zimekwisha, baridi imeanza kunukia, na watu wanatengeneza mashine za kupulizia mikorosho salfa. Natumaini barua hii inakukuta salama, maana sijui itakukuta vipi moyoni.

Kalamu ilisita. Nakuambia sasa.

Jumamosi iliyopita Swaumu alirudi. Ile ramani yetu ya majivu ameihamishia kwenye karatasi, na safari hii watu waliisogelea, kila mtu anatafuta nyumba yake. Katikati ya mtaa, kati ya shule na msikiti, kuna eneo jeupe. Hakuna nyumba, hakuna njia. Akaweka kidole hapo.

"Hapa ni pa nani?"

"Pa Mjomba," wakasema kina mama.

"Mjomba wa nani?"

"Wa Mama Zena. Wa sote."

"Yuko wapi?"

"Anakuja," mama akasema.

"Lini, bibi?"

"Mwakani."

Swaumu, masikini, akaandika mwakani. Hapo ndipo Ashiru, yule Myao fundi baiskeli, mtani wetu, akacheka mpaka akashika kiuno. "Dada, futa! Mwakani ya Fikirini ina mvi! Mimi nimeoa, nimeachwa, nimeoa tena, nina wajukuu saba, na mwakani yenu bado inatafuta siti Muheza!"

Uwanja mzima ukacheka. Mzee Nurdini alijifunika uso kwa kofia. Mama hakucheka. Alimwambia, "Mtani, neno hilo utalitolea jogoo wa faini," na Ashiru akasema, "Natoa wawili, shemeji, lakini limesemwa."

Kicheko kilipokwisha, Swaumu akauliza polepole, "Kwa hiyo soko mlilitaka hapa?"

Watu wakamtazama mama. Mwisho Mwanaheri akasema, amesimama na fimbo yake, "Tulilitaka hapo. Lakini mwenyewe hajafika."

Ndiyo hiyo, Mjomba. Siku ya majivu kila mtu aliliangalia shamba lako, ambalo mji umekua mpaka ukalizunguka, kisha akalipita kwa macho. Kwa desturi yetu ardhi ya upande wa mama haitolewi bila neno la mjomba, nawe ndiye mjomba. Kuweka soko pale ni kusema haurudi, na nani aseme hivyo mbele ya mama? Kila mwaka anapalilia chini ya mikorosho yako kumi na minne. Hakuna ruhusa hata ya kufunga mbuzi. Pale lilipokuwa paa la bibi anafagia, anasema, "Kaka atajenga hapa hapa." Basi tukaona heri tulikubali lile korongo. Nimelipima kwa hatua zangu: upana wake hatua kumi na tisa.

Sikuombi kitu. Nimeandika kwa sababu umeniuliza. Maoni yanafungwa kwenye mkutano wa tarehe 29 Juni, saa nne asubuhi. Baada ya hapo ramani inakwenda halmashauri na soko litakaa lilipo.

Mpwa wako anayekuheshimu,
Rukaiya

*

Newala, 18 Juni 2024

Mjomba, shikamoo.

Idi el-Hajj tumeila salama jana. Baridi ni kali, ukungu hauondoki mpaka saa tano.

Wiki tano sijapata neno lako, na simu inaita tu. Kama nilikuudhi, nisamehe. Nisamehe kwa sauti, hata kwa kunigombeza. Wewe hujawahi kuninyima jibu.

Mama anauelewa ukimya wako kwa namna nyingine. Anasema mtu asiyejibu barua ni mtu aliye njiani. Amenunua mkeka mpya, ameuweka chumba cha mbele. Juzi nilimkuta stendi, amekaa kwenye benchi na kanga yake ya safari, anatazama watu wanaoshuka basi la Dar. Nikamwambia, "Mama, twende." Akasema, "Napunga upepo tu."

Mkutano ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Rukaiya

*

Muheza, 21 Juni 2024

Mpwa wangu Rukaiya,

Marahaba, mara nyingi. Mimi mzima. Hukuniudhi. Abdulrazaki amenisomea barua yako kwa simu jana usiku huo huo ilipofika, na leo naandika. Ataileta yeye mwenyewe, isichelewe tena. Anajua kwamba ardhi ya huko haipiti kwa mtoto wa mwanamume, hupita kwa wapwa, kwa hiyo anakuja kama mgeni. Mlazeni kwenye ule mkeka, mpeni ming'oko.

Barua yako ya Mei niliijibu mara tatu. Mbili nilizichana. Ya tatu niliifunga nikaiacha kwenye kabati la maktaba ya shule. Simu niliisikia ikiita. Katikati ya hayo nilitoa begi, nikaweka kanzu mbili, sweta na vitabu vitatu, nikakaa kitandani nikaliangalia. Lilikuwa begi la mtu anayekwenda kutembelea watu kwa siku nne. Nililijua mara moja, kwa kuwa nimewahi kulibeba.

Neno mwakani nililisema mara ya kwanza kwa kumaanisha. Kufikia mwaka wa kumi nililisema ili mama alale vizuri. Alipokufa nikaendelea nalo kwa Bimdogo, kwa adabu. Nanyi kwa adabu mkalipokea. Adabu yangu na yenu zimekutana, na matokeo yake mmepanga kuweka soko kwenye korongo ambako hata mbuzi hatukuthubutu kuwachungia. Ashiru peke yake ndiye aliyetutendea haki. Mwambieni jogoo mmoja anatosha.

Nusu karne nimelalamika kwamba sikuulizwa. Safari hii nimeulizwa, na mwanamke mwenye fimbo alisimama akanisubiri, nami nikanyamaza wiki tano. Nimeona haya, mpwa wangu. Sikujua kwamba kuulizwa ni kazi kiasi hiki.

Haya ndiyo maneno yangu kwa mkutano, uyasome kama yalivyo.

Mimi Fikirini, mjomba wa nyumba ya Bimdogo, nakubali soko la Chihangani liwe kwenye shamba la mama yetu. Neno langu juu ya ardhi hiyo nalikabidhi kwa mdogo wangu Bimdogo. Najua desturi hutaka mwanamume. Desturi hiyo mimi nimeitumia vibaya, na yeye ndiye aliyelilima shamba. Makaburi matatu ya upande wa chini, la mama, la bibi na la mjomba wetu Mzee Sultani, yazungushiwe ukuta na yaonekane kwenye ramani kwa majina. Mikorosho minne ya karibu na msikiti ibaki kwa kivuli. Mabanda yapewe mgongo upande wa kusi, la sivyo kila Juni ukungu utawalowesha hawa kina mama pamoja na unga wao. Na milango yake, waulizwe wao watakaokaa humo.

Hayo ni ya mkutano. Ya mama yako ni haya, nawe msomee kabla, mkiwa wawili, asije akayasikia uwanjani kati ya watu.

Bimdogo, mdogo wangu. Ulilikimbilia gari, na mimi nilikuona. Sijawahi kukuambia kwamba nilikuona. Hukunitunzia shamba bure. Kwa miaka yote hii nililala nikijua kuna mahali panafagiwa. Lakini mke wangu amelala Muheza mwaka wa kumi na moja sasa, na kaburi lake nalipalilia mimi. Watoto wangu wamezaliwa huku. Asubuhi tatu kwa wiki nafungua maktaba ya shule, na watoto wa watu wananiita Mzee Newala. Nimeridhika, dada. Jina hilo linanitosha, na shamba lenyewe ninyi mnalihitaji kuliko mimi. Usiende tena stendi kwenye baridi hiyo. Keti sokoni, kwenye meza ya kwanza, ugombane na Nurdini kuhusu kisima.

Sitarudi Newala.

Kaka yako, na mjomba wa Rukaiya,
Fikirini