Gemu Aliyoiunda Baba Yako

Rashidi mjukuu wangu,

Marahaba. Sie huku Chanika wazima. Shangazi yako Zuhura kajifungua binti, mashavu kama yako.

Umeulizia gemu ya marehemu baba yako, unataka usikie sauti yake. Chanika nzima hakuna aliyezaa mtoto kama Idi wangu! Kioo alikitoa kwenye simu mbovu, vitufe kwenye rimoti, kasha akalichonga kwa ndoo iliyopasuka. Akajirekodi humo, nikishinda inapiga kelele: "Mama Idi kashinda, jamani!" Tangu tumzike naicheza kila siku, nimsikie.

Mwezi uliopita ikagoma kuwaka. Nikaipeleka kwa fundi simu, nikamsifia mwanangu asubuhi nzima, mpaka wateja wakasema, "Bibi, tumeshasikia!" Nilisema yote, ila sikusema kwamba ndani kuna sauti yake. Fundi akanirudishia anacheka: "Nimekuwekea memori kadi mpya, bibi, ina gemu kibao. Ile ya zamani ilikuwa na moja tu, nimeitupa." Tukakimbilia nyuma ya kibanda chake. Takataka zilikuwa zimeshachomwa.

Sasa inawaka vizuri. Nashinda, inanyamaza. Mdomo wangu huu, kwa kujisifu kwake, ulisahau neno moja tu, na ndilo lililokuwa na maana. Sina cha kukutumia, baba.

Watu wanasema sauti yako ni ya Idi mtupu. Ukinipigia simu, usiniite bibi. Niite Mama Idi, mara moja tu.

Ni mie, bibi yako.