Tairi la Mlangoni

Kaka Nassor,

Nakusalimia kama ninavyokusalimia kila Ijumaa nikifika Kisutu makaburini, kwa sauti ndogo na macho chini. Sasa hivi ni saa tatu na robo asubuhi. Niko dukani kwetu Gerezani, na mvua inapiga bati kiasi kwamba mteja akiongea inabidi nimsome midomo. Simu nimeiweka mezani mbele yangu, sauti juu kabisa. Mwanao Salma yuko njiani, anaendesha landkruza yako nyeupe kwenda Ifakara, na matairi iliyovaa nimeyachagua mimi. Hapo nilipoandika "mimi" nimelikata neno mara mbili kabla ya kuliacha. Cheka ukitaka.

Ameondoka baada ya sala ya alfajiri. Nusu saa baadaye nikasikia Jangwani maji yamepanda barabarani, magari yanarudishwa. Yeye alishapita. Aliniandikia "Nimevuka Jangwani", basi. Nilimwambia akifika Chalinze anitumie ujumbe, na akifika pale mbele ya Chalinze, unapajua pale, anitumie mwingine. Wa Chalinze haujafika. Kwa hiyo nakuandikia wewe, maana mikono ikikaa bure nitampigia, na akipokea simu huku anaendesha kwenye mvua hii nitakuwa nimefanya ujinga wa pili.

Wa kwanza sijui kama unaujua. Miaka saba nimekuwa nikijiuliza. Leo nitakwambia kwa mdomo wangu, au tuseme kwa kalamu yangu, kwa sababu mwanao aliujua kabla sijausema.

Unakumbuka Baba alivyotusomesha matairi? Wallahi, sisi tulijua kusoma ubavu wa tairi kabla hatujamaliza juzuu ya Amma. Alikuwa anatuchutamisha hapa hapa, wewe kushoto mimi kulia, anabiringisha tairi katikati yetu. "Namba nne za mwisho!" Mbili za mwanzo wiki, mbili za mwisho mwaka. Wewe ulikuwa unajibu tairi halijasimama, mimi nabaki nimetoa macho, kisha nalalamika umekariri. Baba anasema, "Tairi lina siku yake ya kuzaliwa kama wewe. Likizeeka halikwambii." Halafu anapitisha kiganja juu ya kashata, yale meno ya tairi, anabonyeza mpira kwa ukucha wa kidole gumba, ananusa. Na akikupa gari lazima akuusie: ukitembea lisaa, simama, shuka, shika kila tairi kwa mkono. Likiwa la moto kuliko wenzake, usiendelee.

Na unakumbuka tairi la mlangoni. Baba hakuwa na kibao cha duka. Alisimamisha tairi moja kubwa jipya pale mlangoni, na kila asubuhi lilifutwa kwa kitambaa chenye mafuta mpaka ling'ae. Tuligombania kulikalia. Yeye akizeeka, kazi ya kulifuta ikawa yangu.

Unaikumbuka na sheria yake ya mteja kwanza. Mzigo ukishuka, yale mazuri ni ya wateja, na sisi wa nyumbani tunafunga yaliyobaki. Kinyozi hajinyoi. Pikapu yake ilikuwa na matairi manne ya sura nne, Mama akasema gari hiyo imevaa viatu vya kuokota. Tulicheka sana. Hatukuwaza kwamba siku moja tungelia kwa jambo hilo hilo.

Saa tatu na dakika ishirini na tano. Simu kimya. Nimeichukua kuangalia kama mtandao upo. Upo.

Basi siku ile. Ulikuja kabla ya adhuhuri, mbio mbio kama kawaida yako, unakwenda Morogoro shambani. Ukataka manne ya njia zote, yale yanayotembea lami na yanayotembea vumbi. Ndani yalikuwa matatu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemfungia mteja wa Songea seti nzima iliyoshuka juzi yake, mpya kabisa. Nikakwambia subiri mpaka kesho nilete la nne kutoka stoo. Ukasema, "Aa, Seif, si hilo hapo mlangoni? Jipya, halijawahi kugusa lami."

Kwa macho lilikuwa jipya kweli. Hata vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani vilikuwepo. Nikalichukua, nikalifuta kwa mara ya mwisho, na kitambaa kikapita juu ya namba. Lilikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Kaka, miaka kumi na moja ya jua la Kariakoo la mchana, kila siku, kwenye ubavu ule ule.

Nililiona. Nakwambia nililiona. Sikusahau kuangalia, wala sikukosea kusoma. Na nilijua tairi lililokauka hivyo linaweza kuachana matabaka likipata moto wa mwendo.

Niliona haya. Ndiyo sababu yenyewe, hakuna nyingine. Baba aliniachia duka mimi mdogo, nawe kila ukija ulikuwa unakagua, unapitisha kidole, unaniuliza maswali mbele ya mafundi kama tuko tena pale chini tunachutama. Ungeiona namba ile ungecheka mpaka mtaa wa pili wasikie: "We Seif, unanifungia babu!" Nikashindwa kuvumilia kicheko ambacho hata hukuwa umekicheka. Namba ile hupigwa ubavu mmoja tu, unajua. Nikamwambia fundi polepole, "Hilo funga namba iingie ndani, iangalie chini ya gari." Akaniangalia, akafunga. Nikajisemea, Morogoro tu, kwenda na kurudi.

Ulinipiga bega, ukasema, "Ahsante mdogo wangu, Mungu akubariki." Tangu siku hiyo sijawahi kuitikia amina kwa dua hiyo.

Alasiri simu ikaja. Tairi la nyuma kushoto lilichanika mbele ya Chalinze, gari likapinduka nawe. Kwenye matanga watu wakasema ajali haina kinga, nami nikasema kweli, ajali haina kinga. Nikalibeba jeneza lako bega la mbele kulia. Shemeji akanipa mkono akasema ulikuwa unanipenda kuliko ndugu zako wote. Astaghfirullah. Nilikula pilau ya hitima yako, Kaka. Nilikula na nikashiba.

Tairi mlangoni sikuweka tena. Na kuchagua niliacha. Mtu akija akataja analotaka, nampa. Akiniuliza, "Bosi, lipi zuri hapa?" namjibu yote mazuri. Majirani wanasema Seif siku hizi amekuwa mvivu wa kuuza. Nawaachia waseme.

Ndipo jana Salma akaingia. "Shikamoo, Ami." Ananiita Ami bado, kama sisi tulivyowaita ndugu zake Baba. "Marahaba, mwanangu." Nikatazama nje, nikaiona landkruza imesimama ukingoni mwa barabara, kwa magurudumu ya kuazima. Miaka yote ilikuwa chini ya turubai nyumbani kwenu Ilala, bodi ilishanyooshwa lakini hakuna aliyetaka kuipanda. Sasa mwanao ni daktari wa mifugo, amepewa vijiji vya bondeni huko Ifakara kuchanja ng'ombe, na ameifufua.

"Nataka matairi manne na spea, Ami. Nichagulie."

"Duka la mbele pale wana mzigo mpya," nikasema. "Nenda ukaangalie."

"Sikuja kwa duka la mbele. Nimekuja kwako."

"Salma, mimi siku hizi sichagui."

Akavuta kigoda, akakaa. Yule ni wewe mtupu, Kaka, ukaidi umemjaa mpaka kwenye kope. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Basi sawa. Ofisini wameniambia nichukue yale ya tope, yenye meno makubwa. Nipe hayo manne niende zangu."

Nikamwangalia kama ananichokoza. Alikuwa ananichokoza. "Ya tope!" nikasema. "Nani kakwambia? Kutoka hapa mpaka Mikumi ni lami, na masika hii lami ina maji. Meno yale kwenye lami ya maji yanateleza kama kandambili bafuni. Utafika Chalinze umeshika usukani kwa meno yako wewe!"

"Basi nipe ya lami."

"Ya lami ukiingia kwenye udongo mweusi wa bondeni yanajaa tope, yanakuwa kipara kabla hujafika kijiji cha pili. Utalala humo na ng'ombe zako." Nilikuwa nimeshasimama. "Unabeba nini? Wangapi mnapanda?"

"Watu wawili, makasha mawili ya barafu ya chanjo, na pipa la maji."

"Basi unataka ya njia zote, yenye ubavu mnene, ya kubeba mzigo." Nilipomaliza kusema ndipo niliposikia nilichosema. Alikuwa ananitazama tu, hajatabasamu.

Nikashusha manane ili nipate matano. Nikaleta kurunzi. Nilisoma kila namba mara tatu, kaka, mara tatu kama mgonjwa anayesoma cheti chake. Moja nililirudisha kwa sababu lilikuwa limewazidi wenzake mwaka mmoja. Jingine nililirudisha sijui kwa nini, mkono ulilikataa tu. Nilibonyeza kwa ukucha, nilinusa, jasho linanidondoka juu ya mpira na huku mvua imeleta baridi.

Fundi akaanza kazi. Huyu ni mgeni, hana kosa lolote, hajui lolote. La kwanza akalilaza kwenye mashine, akalifunga kwenye ringi, na namba ikaingia ndani. Nilipiga ukelele, mtaa mzima ukageuka.

"Toa! Toa hilo! Namba nje!"

"Bosi, si ni yale yale tu?"

"Nimesema nje! Yote! Nje!"

Akatoa. Akafunga upya la kwanza, kisha la pili, la tatu, la nne, na spea. Nilisimama juu ya kichwa chake mpaka nati ya mwisho. Nilipoinuka, Salma alikuwa amechutama nyuma kushoto, ameweka kiganja juu ya tairi, na kidole chake kiko kwenye zile namba nne.

"Leo umeziweka nje, Ami," akasema.

Nikaweka kurunzi chini.

"Nilipotoa turubai nilikuta ringi zote na matairi yake zimewekwa pembeni ya banda," akasema. "Matatu namba nje. Lililochanika, namba ndani. Nikaisoma. Baba alinifundisha kusoma matairi, umesahau? Kwenye kigoda hiki hiki."

"Nilijua, Salma," nikasema. "Niliiona namba. Nikaificha kwa sababu niliona haya baba yako asinicheke."

Ndiyo mara ya kwanza maneno hayo yanatoka. Nilidhani dari itaanguka. Haikuanguka. Mvua iliendelea, na fundi akajifanya anatafuta spana.

Aliuma mdomo kama wewe ukiwa na hasira. Kisha akasimama akajifuta mikono kwenye dera lake. "Sijakusamehe, Ami. Nisikudanganye. Nilikuja nikuone utafanya nini." Akachukua funguo. "Lakini Kariakoo nzima hakuna mtu atakayeyaangalia matairi yangu kama ulivyoyaangalia leo. Sasa nijazie upepo, niende."

Nikamjazia upepo kwa mkono wangu. Nikamwambia, ukitembea lisaa, simama. Akasema, "Najua." Akafunga mlango.

Sasa ni saa nne kasorobo. Kaka, sijui niandike nini tena. Nimechagua vizuri. Najua nimechagua vizuri, hata Baba angeinuka asingekuwa na la kusema. Lakini ile siku nyingine pia nilijua, na kujua hakukusaidia kitu. Nikifumba macho naiona ile barabara. Mungu wangu, mtoto wa watu, mtoto wa kaka yangu. Laiti ningekuwa nimekaa pembeni yake. Laiti ningemwambia apande basi.

Simu imelia. Ngoja.

Ni yeye. Zimeingia meseji mbili kwa pamoja, ya kwanza ilikwama njiani. Nakunakilia kama zilivyo.

"Chalinze. Mvua kubwa, naenda taratibu."

Na ya pili: "Nimesimama pale. Nimemsomea Baba Fatiha. Nimeshuka nikayashika yote kwa mkono, hakuna la moto. Naendelea."

Basi, hakuongeza neno. Nimezisoma mpaka skrini imelowa, na paa halivuji.

Kuna mzee ameingia sasa hivi, ameloa chepechepe, amesimama mbele ya meza yangu anapangusa uso. Anasema ana foo-wili nje, na ananiuliza katika haya matairi lipi zuri. Kaka, nimeweka kalamu chini mara moja nikamwuliza: "Unakwenda wapi, mzee wangu, na nani anapanda?" Anafikiri. Ngoja nimsikilize.

Ijumaa nakuja Kisutu. Safari hii nitakutazama.

Ni mimi mdogo wako, niliyeigeuza namba,
Seif